Kiapo Dhidi ya Jicho Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeapa. Mbele ya masjala nzima, kikombe cha chai mkononi. Sitanunua simu ya Jicho Tatu. Kamwe!

Ilikuwa hivi. Kalenda kaingia saa mbili kasorobo, yeye ambaye tangu tuajiriwe pamoja hajawahi kufika kabla ya saa mbili na nusu. (Tunamwita Kalenda kwa sababu anakumbuka tarehe ya kuzaliwa ya kila mtu humu ofisini. Unafiki mtupu.) Kaitoa mfukoni, kaiweka mezani katikati ya vikombe. Kalenda hajigambi, anaweka kitu mezani na kuwaacha wengine wajigambe kwa niaba yake. Simu nyembamba kama biskuti, kamera tatu mgongoni, ndiyo maana mji mzima unaiita Jicho Tatu. Mpiga chapa akaomba ruhusa ya kuigusa. Akaenda kunawa mikono kwanza!

Nikaulizwa yangu iko wapi. Nikaitoa. Ya vitufe. Namba tano imefutika, mfuniko wa nyuma nimeufunga kwa raba ya mafaili. Wakacheka mpaka chai ikamwagika kwenye rejista.

Ndipo nikasimama. Nikawaambia simu ni ya kupiga na kupokea, mengine yote ni utumwa, na mimi sijazaliwa kuwa mtumwa wa kioo. Nikaapa. Maneno yalitoka matamu mpaka nikajishangaa.

Kumbe Mkurugenzi alikuwa mlangoni. Akasema ofisi hii ina njaa ya watu wenye msimamo. Akaondoka polepole, kama mtu anayewaza. Kiti cha Mkuu wa Masjala kiko wazi tangu mzee wetu astaafu, na tunaokitaka ni wawili. Mimi na Kalenda.

Basi sina budi. Nina msimamo kuanzia leo.

Naongeza: Kalenda alipokwenda kupeleka barua nikaishika kidogo. Sekunde kumi tu. Ina ubaridi fulani hivi.

Jumanne, 4 Machi

Duka la simu liko njiani kabisa, kati ya ofisi na kwangu. Bango lake kubwa kuliko nyumba yangu. Macho hayana pazia, kwa hiyo nimeyapitisha njia nyingine: nyuma ya soko, uchochoro wa mafundi wa makochi. Nikakanyaga gundi. Nikajikokota na kiatu kimoja kinachobandukabanduka, nikatokea barabara ya pili, na mbele yangu nini? Tawi la pili la duka lile lile.

Nikaingia kufuta kiatu tu.

Muuzaji akaniita mheshimiwa. Hakuna aliyewahi kuniita mheshimiwa, hata siku ya harusi yangu. Akanikabidhi Jicho Tatu kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga. Nikapiga picha ya kidole gumba changu. Dakika arobaini! Sikujua nina kidole gumba kizuri kiasi kile.

Nikatoka bila kununua. Ushindi! Lakini najijua. Fundi mwenye akili haachi shoka karibu na mlango. Nikafika nyumbani, nikamkabidhi mama mkwe kadi yangu ya benki, maana katika ukoo huu hakuna kabati imara kumshinda. Nikamwambia asinipe hata nikipiga magoti. Akaitia mkobani, mkoba akaukalia. Akauliza je, nikipatwa na jambo? Nikasema ugonjwa tu, mama. Ugonjwa peke yake.

Mke wangu amefurahi. Anasema labda mwaka huu bati za jiko zitapatikana. Mvua ikinyesha, kwetu sufuria linajaa lenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Nimewaza sana. Mtu akinunua kwa tamaa, hiyo ni aibu. Lakini mtu aliyefiwa na simu yake? Huyo ananunua kwa dharura! Hata Mkurugenzi atampa pole.

Kwa hiyo leo simu yangu ilitakiwa kufa.

Jaribio la kwanza: nikaiweka juu ya kabati la mafaili, ukingoni kabisa, nikavuta droo kwa nguvu. Ikaanguka. Ikatoka vipande vitatu. Nikavikusanya kwa huzuni, nikaviunganisha ili kuthibitisha kifo. Ikaita. Mke wangu, anauliza kama nimekula.

Jaribio la pili: ndoo ya kudekia. Nikaizamisha, nikahesabu dakika kumi. Nilipoitoa, saa yake ilikuwa sahihi. Yangu ya mkononi iko nyuma!

Mama wa usafi akanikuta nimeinama kwenye ndoo yake. Akadhani imeniponyoka. Akaipangusa kwa aproni, akaipuliza, akatangaza kwa sauti ukumbi mzima kwamba hajaona mwanamume anayekipenda kitu chake cha zamani namna hii, na wanaume wengine waje wajifunze. Mkurugenzi akasikia. Yule bwana ana masikio kila ukuta! Ameagiza: Ijumaa nizungumze na wafanyakazi wote kuhusu kutawala tamaa. Na siku hiyo hiyo atanipa bahasha ndogo ya shukrani.

Kalenda akapiga makofi. Kwa dhati kabisa. Mnafiki wa kiwango cha juu.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Naandika nikiwa nimevimba.

Wazo lilikuwa zuri. Kadi inatoka kwa ugonjwa, na ugonjwa bora ni ule usioonekana. Jino! Asubuhi nikashika shavu, nikaugulia, nikakataa chai. Nikamwambia mama mkwe jino linaniua, naomba kadi nikimbilie kwa daktari.

Nilitegemea anipe. Akavaa viatu. Akasema mtu mwenye maumivu haaminiki na kadi, atanisindikiza mwenyewe. Mkoba kwapani.

Daktari wa meno akanipekua kwa kioo na taa. Akasema haoni tundu. Hapo ningeshukuru nikaondoka! Lakini mama mkwe, kwenye kiti chake karibu na mlango, akasema:

"Mkwe wangu hajui kusema uongo, daktari. Tafuta vizuri."

Daktari akatafuta vizuri. Akauliza ni lipi. Nikaonyesha moja, la mbele kidogo, bila kuchagua. Akaligonga. Nikapiga kelele, maana ningefanyaje? Akaligonga la jirani, nikasahau kupiga kelele. Akasema basi ni hilo hilo.

Aling'oa dakika ishirini na tano. Alitoka jasho. Baadaye akaliinua kwenye mwanga akalitazama muda mrefu, akasema kwa masikitiko kwamba katika miaka kumi na minane ya kazi hajawahi kung'oa jino zima namna ile. Mama mkwe akatoa kadi, akalipa, akairudisha kadi mkobani. Akaniuliza kama nimepona.

Nimepona, mama.

Nyumbani mke wangu akanikanda shavu kwa kitambaa cha maji ya moto. Akasema anajivunia mume asiyemficha kitu. Nikahisi kitu kifuani, kizito hivi. Nadhani ilikuwa ganzi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimehutubia! Wafanyakazi wote, viti vimepungua, wengine wamesimama.

Tatizo dogo. Upepo unapita pale jino lilipokuwa. Kila nikisema simu, inatoka thimu. Nikasema thimu ithitutawale. Safu ya nyuma wakainamisha vichwa, nadhani waliguswa. Nikawapa mfano wa jino: jana nimeng'olewa, leo niko kazini. Huo ndio utawala wa mwili, nikasema. Mama wa usafi akalia machozi. Mkurugenzi akanikabidhi bahasha mbele ya watu, akasema jina la Mkuu mpya wa Masjala litatangazwa Jumatano, na akanitazama alipokuwa akisema Jumatano.

Kalenda alinirekodi. Nilijua! Nikamfuata nimwonyeshe kazi. Akanipa simu nitazame mwenyewe. Nikatazama. Lahaula! Tone la jasho kwenye kifungo cha tatu cha shati langu unaliona linavyoshuka. Nyusi zangu moja moja. Nikairudia mara nne. Kalenda akadhani najipenda.

Nikamuuliza, kwa dharau, mtu mzima kama yeye anataka simu ya namna hii ya nini. Akasema binti yake yuko masomoni mbali, mwaka wa tatu sasa, na kwenye simu yake ya zamani uso wa mtoto ulikuwa unakatikakatika kama kivuli. Kwenye hii anamwona hata akiwa amelia na kujipaka poda ili baba asijue.

Nikamwambia pole. Mbinu hii nimeitambua. Anatafuta huruma kabla ya Jumatano.

Jumamosi, 8 Machi

Bahasha nilimwonyesha mke wangu. Akaihesabu, akashusha pumzi, akasema inatosha bati, na zinabaki za misumari. Akanituma dukani kwa muuza vifaa vya ujenzi. Nikaondoka mwanamume mwadilifu.

Njiani nikapita duka la simu. Kuaga tu. Ni ustaarabu kuaga.

Muuzaji akasema karibu mheshimiwa. Nikamweleza kiapo changu chote, na hotuba, na Mkurugenzi. Alinisikiliza kwa makini, mikono nyuma, kama wakili. Mwisho akauliza swali moja: niliapa kwa maneno gani hasa?

Nikasema niliapa kutonunua simu ya Jicho Tatu.

Akanishika kiwiko, akanipeleka rafu ya pili.

Kishikwambi! Kipana kama sinia. Kamera tatu zile zile, tena kubwa zaidi. Kinaingia laini yangu ile ile, kinapiga, kinapokea, lakini si simu. Boksi lenyewe limeandikwa: kishikwambi. Nilisoma mara mbili. Nikatafuta neno simu pande zote sita za boksi. Halipo!

Bahasha ikawa malipo ya kwanza, yaliyobaki nimetia saini kulipa kwa awamu. Ahadi ni deni, wahenga walisema, na mimi nimeitimiza herufi kwa herufi.

Mke wangu nimemwambia bati hazijaingia. Si uongo hasa. Huko kwenye bati sikufika, kwa hiyo sikuziona.

Jumatatu, 10 Machi

Kishikwambi hakiingii mfukoni. Nimekuja nacho ndani ya faili lililoandikwa MENGINEYO. Katika masjala yetu hakuna anayefungua MENGINEYO tangu ofisi ianzishwe.

Saa nne, kikao cha wote ofisini kwa Mkurugenzi. Katikati ya ajenda ya pili MENGINEYO likaanza kuimba. Kwa tarumbeta! Sikuwa nimejifunza kushusha sauti. Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule, tarumbeta likaongezeka. Sikuwa na njia ila kupokea. Nikakiweka sikioni. Kilifunika uso na bega.

Ni mama mkwe. Sauti yake ikatoka kotekote, kana kwamba amekaa juu ya meza:

"Mkwe wangu, niko hapa kwa muuza bati. Bati zimejaa mpaka nje. Anasema hajakuona tangu mwaka jana. Ile bahasha uliipeleka wapi?"

Nikakigeuzageuza nikitafuta pa kukata.

Mkurugenzi akauliza kile ni kitu gani. Nilifurahi kwamba ameuliza. Nikasimama, nikaeleza tofauti kati ya simu na kishikwambi, historia yake kidogo, matumizi, ukubwa kwa inchi, na jinsi boksi linavyothibitisha. Dakika saba. Hakuna aliyenikatiza hata mmoja. Naamini niliwashika.

Nilipomaliza, Mkurugenzi akauliza taratibu kama bahasha anayoitaja mama ni ile aliyonipa yeye kwa ajili ya hotuba. Nikasema ndiyo, na nikamshukuru tena.

Kalenda alikuwa anatazama viatu vyake. Mtu mwenye wivu hawezi kukutazama usoni.

Jumatano, 12 Machi

Wamempa Kalenda.

Mkurugenzi alitangaza kwa sentensi moja. Hakunitaja. Mama wa usafi amepita mbele yangu mara tatu bila salamu, na mara ya nne akadeki miguu yangu.

Kalenda akanifuata mezani. Kanifuata yeye, si mimi! Akasema angependa tuendelee kama zamani, na kama nataka meza ya dirishani niichukue, yeye hana haja nayo. Akanikumbusha pia kwamba kesho kutwa ni siku ya kuzaliwa ya mke wangu. Nikampa hongera. Nyoka yule.

Nyumbani mambo yametulia, ambayo ndiyo mbaya. Mke wangu hakugomba. Alikwenda mwenyewe kwa muuza bati akaacha cherehani yake kama dhamana. Bati zimeezekwa mchana huu na mafundi wawili, yeye akishika ngazi. Nilipojitokeza kusaidia akaniambia, bila kugeuka, kwamba niwe makini nisije nikagusa kitu ambacho boksi lake limeandikwa kazi. Mama mkwe anasema kadi nitazikwa nayo, na hapo pia atafikiria.

Alhamisi, 13 Machi

Nimetulia. Nimekaa meza ya dirishani na kuchambua jambo zima kwa haki, bila kujipendelea, nikitafuta nilipokosea.

Nimepapata!

Si kiapo. Kiapo kilikuwa safi. Si kishikwambi. Kosa lilikuwa moja tu: sauti. Mama mkwe angesikika na mimi peke yangu, leo mimi ningekuwa Mkuu wa Masjala, mke wangu angekuwa na furaha, na bati zingekuja kwa wakati wake. Mtu mzima hufika mahali akajua udhaifu wake na kuurekebisha.

Nimempigia muuzaji. Mheshimiwa, akasema, suluhisho lipo: hedifoni mpya zisizo na waya, ndogo kama punje za maharage, zimefika asubuhi hii, mji mzima unazigombania. Mtu anakusemesha na hakuna kiumbe anayejua. Malipo kwa awamu.

Nimekipitia kiapo changu neno kwa neno, mara tatu. Hakuna popote nilipotaja masikio.