Kiu ya Mzee wa Miiba

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi ameondoka asubuhi kwenda kumwona bintiye aliyejifungua. Wiki mbili. Ameniachia nyumba, na ameniachia hofu. Hofu yenyewe ni Mzee, yaani ile kaktasi yake ya dirishani, ndefu kama mkono, miiba mitupu, ukumbusho wa marehemu mumewe. Amri ni mbili: nisimpe maji hata tone, na kila siku nimtumie picha yake kwa simu. Atakayemtunza Mzee ndiye atakayepewa chumba cha uani. Mimi nalala humo kwa hisani tu. Anayekinyemelea ni Fundi Saa, mpwa wa marehemu, mtu mpole kupita kiasi. Watu wapole nawaogopa.

Nimepiga picha kumi na nne kwa mpigo. Nitatuma moja moja. Akili ni mali.

Kisha nikautazama udongo. Mkavu, umepasuka. Kumnyima kiumbe maji ni roho mbaya. Nimempa jagi zima. Shangazi akirudi amkute na maua, Fundi Saa atajua hajui.

Ijumaa, 7 Machi
Jagi la tano. Mzee amenenepa! Anang'aa. Picha zinaenda, Shangazi anajibu kwa dua. Ila kuna harufu, kama kitambaa cha jikoni kilicholala na maji. Nimefungua dirisha.

Jumanne, 11 Machi
Nimemgusa Mzee pale chini kwa kalamu. Kalamu imezama. Nimekaa sakafuni dakika kumi. Ameoza.

Halafu simu. Shangazi anauliza mbona kwenye picha zote saa ya ukutani inaonyesha saa mbili na dakika kumi. Jasho likanitoka hadi kwenye soksi. Nikamwambia saa imekufa. Nikajipongeza. Akasema basi kesho atamtuma Fundi Saa aje aitazame.

Nimetoa betri nikaitupa kwa jirani. Mishale nimeirudisha saa mbili na dakika kumi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu nimeipiga lami.

Jumatano, 12 Machi
Asubuhi nimekunywa chai bila haraka. Kila nikitazama ukutani, saa mbili na dakika kumi, muda tele. Nimefika ofisini saa nne. Bosi ameniandikia barua ya onyo.

Jioni akaja Fundi Saa. Mzee nilikuwa nimemfunga skafu sehemu ya chini. Akafungua saa, akasema haina ugonjwa, haina betri. Akatoa betri yake mfukoni, akatia. Kisha akainama kwa Mzee, akafunua skafu, akaangalia, akaifunika tena taratibu. Akaniuliza kama nimekula. Basi, akaenda zake.

Mtu akishaiona aibu yako halafu akakuuliza kama umekula, ujue umekwisha.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemwendea muuza mimea wa karibu na ofisi. Nilimwambia mgonjwa ni wa rafiki yangu. Akasema rafiki yangu akate juu ya palipooza, kichwa kikae kivulini wiki nzima mpaka kidonda kikauke, ndipo akipande kwenye mchanga mkavu. Maji asiyaguse. Wiki nzima, na Shangazi anarudi Jumapili!

Nimekata kwa kisu cha mkate, huku nikimwomba Mzee radhi. Kipande kizima kilichobaki hakizidi kikombe. Nimekichomeka juu ya kisiki kwa vijiti vya meno, kisiki nimekizungushia kadibodi yenye rangi ya kijani. Ukiwa mbali, na ukiwa huna miwani, ni Mzee yuleyule. Shangazi husahau sana miwani. Naomba aisahau.

Jumapili, 16 Machi
Amerudi. Na miwani. Nyuma yake Fundi Saa kabeba mizigo.

Nilisimama mbele ya dirisha kama pazia. Shangazi akaniomba nimpishe amsalimie Mzee. Akagusa chungu kwa kidole kimoja. Kichwa kikadondoka, kikabingirika hadi kwenye kiatu cha Fundi Saa.

Nilisema ni upepo. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Kisha nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Nikasema nimeogopa wiki nzima, sina pa kwenda, nisifukuzwe.

Shangazi akaketi. Akasema Fundi Saa alimpigia simu tangu Jumatano, wala si kunishtaki. Aliniombea. Alisema mtu anayemwaga maji kiasi kile hana roho mbaya, ana huruma iliyokosa akili. Nilitamani angenishtaki.

Halafu Shangazi akasema Mzee wa kwanza, yule aliyeachwa na marehemu, alishakufa zamani. Alimzamisha yeye mwenyewe mwaka wa msiba. Kila alipolia, alimpa maji. Akaokoa kichwa, kikawa huyu. Sasa na mimi nimepewa kichwa nikae nacho chumbani, kavu kabisa, mwezi mzima. Kikitoa mizizi, chumba ni changu. Kikioza, nafungasha, anaingia Fundi Saa.

Nikaapa mbele yao wote wawili.

Ijumaa, 28 Machi
Kidonda kilikauka vizuri. Jumatatu nilikipanda kichwa kwenye mchanga mkavu. Kila nikikipita naogopa hata kupiga chafya. Mlango ukilia nadhani ni Shangazi na sanduku langu.

Ila joto la wiki hii si mchezo. Juzi nilikuwa nakunywa maji, nikaona aibu kunywa peke yangu. Nikakipa kijiko kimoja tu. Kijiko si jagi. Jana viwili, kwa kuwa juzi hakikudhurika.

Asubuhi hii nimekiangalia kwa makini. Kimeanza kunenepa.