Mama Mkwe wa Sinema Bubu

Jumatatu, 5 Mei

Habari njema kabisa! Mwalimu Ngoyi wa historia ametangaza kwamba Jumamosi kutakuwa na sinema bubu katika ukumbi wa zamani wa wafanyakazi, hapa Kapata. Filamu ya Wazungu wa zamani sana. Wanafungua midomo, sauti haitoki. Mwanafunzi mmoja atasimama kando ya shuka la kuonyeshea filamu kuwaeleza watu kinachoendelea. Mwingine atasoma mhadhara wa kufungua. Atakayependeza zaidi ataenda na Mwalimu kwenye mji wa Fungurume kwa onyesho jingine.

Fungurume! Tata, baba yangu, anafanya kazi ya reli Tenke, jirani kabisa na pale. Nyumbani tunamwona mara chache mno. Angekuja. Angekaa mbele. Angenisikia nikizungumza kwa maikrofoni. Sijamwambia mtu. Mama amenikuta nikihutubia sufuria ya mboga ya sombe, akauliza kama nina homa.

Kizuizi ni kimoja tu: Glodie Lukusa wa darasa letu. Sauti yake inafika barabarani. Yangu inafika kwenye dawati la mbele, tena kama dirisha limefungwa.

Jumanne, 6 Mei

Mwalimu aliniagiza nimwambie Glodie kwamba sisi wawili tuitazame filamu mchana, ukumbini. Nilimwambia Glodie ni kule parokia. Si uongo mkubwa. Parokia ni mahali pazuri pa mtu kukaa.

Mwalimu aliwasha mashine, akaenda kwenye mkutano wa walimu. Nilitazama peke yangu, kama mke wa waziri. Kijana mwembamba mwenye kofia anafika kwenye nyumba kubwa. Mama mmoja mnene mwenye shanga anamfungulia mlango. Msichana anachungulia dirishani. Kijana anainama, anatetemeka, anaangusha kofia. Hapo umeme ukakatika! Nilingoja. Haukurudi. Nikaenda zangu. Mwanzo nimeuona, na mwanzo ndio mgumu.

Jumatano, 7 Mei

Glodie alingoja parokia mpaka mlinzi akafunga lango. Leo amekuja amefura. Aliniuliza mbele ya wote: "We Tshibola, unanifanya mujinga, eeh?" Nikasema labda Mwalimu alibadilisha mahali. Mwalimu akamwonyesha filamu yeye peke yake, yote. Umeme haukutikisika hata kidogo! Kisha akaniuliza kama mimi niliiona mpaka mwisho. Nikasema ndiyo, na kwamba mwisho ulinigusa moyo.

Halafu kila mmoja wetu akaeleza mwanzo wa filamu mbele ya darasa. Glodie alisema: bwana anaingia, bwana anainama. Kama mtu anayesoma bei sokoni. Mimi nilikuwa na siri. Jana nilipomsimulia Mama filamu, hakuuliza habari za kofia wala za nyumba. Aliuliza: "Ule mama na ule kijana, banaitana namna gani?" Nikaelewa. Watu wa Kapata hawawezi kumfurahia mtu wasiyejua ni wa nani. Basi nikawapa wote undugu. Msichana ni mchumba. Mama mwenye shanga ni mama yake. Na kijana anatetemeka kwa nini? Kwa sababu amesimama mbele ya mama mkwe wake!

Darasa lilipiga meza kwa kucheka. Filamu nimepewa mimi! Mwalimu alinionya nieleze kinachoonekana tu, undugu niache. Nikasema ndiyo, Mwalimu. Nitaacha kidogo.

Glodie amepewa mhadhara. Hakununa. Alinitazama, akatabasamu. Nimeona ni tabia nzuri kwake.

Jumamosi, 10 Mei

Ole wangu! Niandike kwa utaratibu.

Ukumbi ulijaa. Madirisha tuliyaziba kwa blanketi. Mbele walikaa akina mama wa kanisa kwa pagne, vitenge vya sare, katikati yao Mama Ntumba, mkubwa wao. Nyuma walikaa wachimbaji vijana, vumbi la shimo bado kwenye viatu. Glodie alisoma mhadhara vizuri mno. Nilipiga makofi kwa mkono mmoja.

Zamu yangu. Maikrofoni ikabeba sauti yangu mpaka nyuma! Nilipomtaja mama mkwe, ukumbi wote ulisema "eeeh!" kwa heshima. Kwetu, watu wa asili ya Kasai, mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Hawali sahani moja. Akimgusa, analipa mbuzi. Kila kijana alipotetemeka, watu walimsifu: huyu Muzungu amelelewa vizuri! Nilifurahi kupita kiasi.

Kisha tukafika mahali ambapo sikuwahi kupaona.

Kijana akamshika mama mwenye shanga kiunoni. Wakacheza dansi! Shavu kwa shavu! Wakakaa wakala keki, sahani moja, kijiko kimoja, yeye akimlisha!

Watu wakainamisha macho. Hata watoto.

Mama Ntumba akajifunika pagne kichwani. Mkwe wake halisi, Tata Kalala, alikuwa safu ya nyuma yake. Maskini alitazama dari, kisha akatoka kwa mlango wa pembeni, akiinama kama anayetafuta sarafu. Nikaona niokoe mambo haraka. Nikatangaza kwamba kumbe huyu si mama mkwe, ni mdogo wake anayefanana naye. Vibaya zaidi! Mdogo wa mama mkwe naye ni mama mkwe, hata mtoto anajua. Nikasema basi uchumba umevunjika, mahari imerudishwa. Mama Ntumba akafunua pagne akapiga kelele: "Imerudishwa saa ngapi? Tuko hapa tunaangalia, hatukuona!"

Mchimbaji mmoja, Sadrack, akapaza sauti kutoka nyuma: "Alipe mbuzi!" Nyuma wote wakaitikia: mbuzi, mbuzi! Akina mama wakageuza viti, wakaanza kusikiliza kesi pale pale. Wengine walimtetea kijana kwamba hana wazee wa kumfundisha. Mama Ntumba akasema mbuzi peke yake hatoshi, na kuku juu. Filamu iliendelea nyuma yao bila mtu kuitazama, isipokuwa Glodie, ambaye alikuwa amejiziba mdomo kwa karatasi ya mhadhara.

Mwishoni kijana akaleta kikapu kikubwa mbele ya yule mama. Mungu ni mwema! Nikashika maikrofoni kwa nguvu: amemleta mbuzi! Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Kikapu kikafunguliwa. Akatoka mbwa mdogo mweupe.

Mwalimu Ngoyi alikaa, akashika kichwa.

Jumapili, 11 Mei

Sikutaka kwenda kanisani. Mama alinivuta. Mama Ntumba alinisimamisha mlangoni, nikajua nimekwisha. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama mwishowe yule kijana alileta mbuzi au hakuleta. Nikasema alileta, baada ya filamu. Alipumua. Alisema usingizi ulikuwa umemkataa.

Jumatatu, 12 Mei

Mwalimu amesema Glodie ndiye anayekwenda Fungurume. Nimelia chooni, kwa adabu.

Jumanne, 13 Mei

Mambo yamegeuka! Wenye malori wamefikisha habari barabara nzima. Fungurume wamempigia Mwalimu simu: hawataki filamu bila yule mutoto wa mbuzi. Mwalimu ameguna sana. Nitakwenda! Glodie naye atakwenda, na mhadhara wake. Nimemwomba radhi kwa ile habari ya parokia. Alinisamehe, lakini kiti cha dirishani garini amechukua yeye.

Jioni Tata akapiga simu. Aliuliza kama ni binti yake aliyemtoza Muzungu mbuzi. Nikasema ndiyo, Tata. Alicheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena kusema ameomba ruhusa kazini, atakaa mbele.

Jumatano, 14 Mei

Kwa Fungurume Mwalimu ameleta filamu nyingine, ya treni. Ameniapisha: nitaitazama yote, na undugu sitautaja kamwe. Nimeapa kwa moyo wote.

Nimetazama mwanzo leo. Kijana na msichana wanagombania kiti ndani ya treni. Kijana anamvuta nywele, msichana anampiga kwa mwavuli. Nikazima. Hakuna haja ya kuendelea, jambo liko wazi kabisa. Ni kaka na dada, tumbo moja. Nimemwambia Glodie, aliyeiona yote; ametabasamu tena. Tata atafurahi sana.