Mito ya Mwenyekiti

Jumatatu, 9 Juni

Siamini! Bi Vifungo anagombea uenyekiti. Bi Vifungo! Mwanamke aliyekaa miaka yote kona ya nyuma ya karakana akishona vifungo, hata salamu yake huisikii kwa kelele za vyerehani, leo kamwambia Katibu aandike jina lake.

Nimeuongoza ushirika huu wa mafundi cherehani vipindi viwili na hakuna aliyewahi kunipinga. Ndivyo uchaguzi wa haki unavyokuwa. Katibu anasema mwanachama yeyote anaruhusiwa kugombea, na hiyo ndiyo maana ya ushirika. Nimemwambia asinifundishe maana ya ushirika. Ushirika ni mali ya wanachama wote, kweli, lakini lazima awepo mtu wa kuwaambia wanachama wanataka nini.

Nikishindwa Jumamosi narudi kwenye cherehani. Safu ya pili, ubavuni mwa yule mama tunayemwita Redio. Mimi! Tangu nipate ofisi sijashona hata pindo. Juzi mke wangu kaniomba nimtungie uzi kwenye sindano, nikasingizia simu.

Jumanne, 10 Juni

Nimemwita Bi Vifungo ofisini. Nikampa kiti, nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa kisawasawa. Nikamwambia nimemtengenezea cheo: Makamu Maalumu wa Mwenyekiti, Idara ya Vifungo na Zipu. Akauliza cheo hicho kimepitishwa na nani. Nikasema na mimi. Akasema ndiyo sababu anagombea, akarudi kwenye vifungo vyake. Anataka wanachama waulizwe kabla ya mambo kuamuliwa. Sasa wakiulizwa si watajibu? Na wakijibu tutafanyaje?

Nyumbani nimemsimulia mke wangu, ambaye anashona kola pale pale karakanani. Nilitegemea anionee huruma. Badala yake akauliza kama Bi Vifungo ataiondoa ile kengele niliyofunga ili watu wasimame ninapoingia. Hilo ni swali la mke?

Jumatano, 11 Juni

Wazo! Limenijia nikipiga mswaki, nusura nimeze povu.

Kura zetu hazina karatasi. Tangu enzi za waanzilishi, mwanachama hubeba kiti chake, akakiweka upande wa mgombea anayemtaka, akakaa. Katibu anahesabu waliokaa, basi. Na viti vyetu ni vya chuma, vinamtesa mtu mzima mpaka anasahau ajenda. Sasa, nikifunga mito minene kwenye viti vitakavyopangwa mapema upande wangu, na upande wake vibaki chuma kitupu, nani atanyanyuka? Mtu akishazama kwenye mto ndiyo kafika.

Stoo nimekuta jora zima limefungwa kwa karatasi ya kaki, rafu ya nyuma kabisa. Limesahaulika. Sikuona haja ya kulifungua wala kumsumbua mtu. Mali ya ushirika, kwa faida ya wanaushirika, kupitia kwa mwenyekiti wao. Nimelipeleka kwa mama mkwe, ana cherehani nyumbani na hana maswali mengi. Kauliza moja tu: kitambaa ni cha nani? Nimemjibu ni cha watu wote.

Alhamisi, 12 Juni

Wizi! Wizi ndani ya ushirika wangu!

Mkataji wetu wa vitambaa kaja ofisini jasho linamtiririka. Jora la aproni za wauguzi halionekani. Kitambaa cha kijani chenye mistari myeupe, oda ya hospitali, na mzigo unatakiwa wiki ijayo. Tukichelewa hospitali itatafuta mafundi wengine, na hiyo ndiyo oda inayowalisha watu wetu. Nimeunda kamati ya uchunguzi hapo hapo. Mwenyekiti wake ni mimi. Wajumbe watapatikana.

Nimejiuliza, nani anakaa karibu na mlango wa stoo? Nani kona ya nyuma? Simtaji mtu. Lakini vifungo haviwezi kuelea hewani, lazima vishonewe kwenye kitambaa.

Ijumaa, 13 Juni

Siku njema. Wakati wa chai nimepiga kengele, nikawatangazia wote kwamba kesho kwenye mkutano mkuu nitamweka mwizi hadharani. Makofi! Makofi ya kweli, siyo yale ya kuanzishwa na mimi. Hata Bi Vifungo kapiga. Ana roho ngumu mama yule.

Mkataji katoa hoja kwamba aliyelichukua jora, awe mkubwa au mdogo, asishike wadhifa wowote katika ushirika. Nimeiunga mkono kwa mikono miwili. Katibu akaniuliza kama nina uhakika. Nimemkemea mbele ya watu. Hoja ikapita.

Mama mkwe kanipigia simu. Mito tayari, ataileta mwenyewe asubuhi kwenye magunia.

Jumamosi, 14 Juni

Nimedhalilishwa.

Mambo yalianza vizuri. Mama mkwe na mimi tulifunga mito kwenye viti mapema, yeye akikaza mafundo kwa meno. Nilikuwa na haraka, nikatazama unene tu. Wanachama walipoingia waliigombania. Upande wangu ukajaa, wengine wakabanana wawili kwenye kiti kimoja. Bi Vifungo kakaa ng'ambo na Redio, wamezungukwa na chuma.

Nikasimama. Nikasema mwizi yumo humu ndani na sura yake mnaijua. Nikasema amewaibia ninyi, wenye mali. Hapo Mkataji, aliyekuwa amejilaza safu ya mbele, akainuka polepole, akaupindua mto wake, akautolea macho. Kijani. Mistari myeupe. Akaniuliza kwa adabu zote kama naweza kueleza. Ukumbi mzima ukasimama kutazama ulichokuwa umekikalia.

Nilieleza! Nilisema sikuiba, niliwatumikia. Mtu anawapa watu zawadi kwa moyo mweupe, wanamuuliza kaitoa wapi! Redio akapaza sauti: zawadi gani ya kuchukuliwa kitambaa chako ukapewa ukikalie? Wakaangua kicheko. Katibu akakumbusha hoja ya jana na nani aliyeiunga mkono. Nikadai kura ipigwe hata hivyo. Bi Vifungo hakucheka, alisema tu wanachama waamue. Wakakubali. Nilikuwa bado naitegemea mito.

Jambo moja sikulifikiria. Kiti hubebwa na kilichofungwa juu yake. Walinyanyua viti na mito yao, wakavuka ukumbi, wakakaa upande wake wakistarehe. Fundo la mama mkwe halikulegea hata moja.

Mke wangu alikuwa wa mwisho. Alikaa kitambo, nikamtazama, akanitazama. Kisha akabeba kiti. Aliponipita alininong'oneza kwamba nyumbani alinichagua mimi na hajajuta, ila hapa ndipo kazini kwake. Hilo limeniuma kuliko kura zote pamoja. Upande wangu akabaki Katibu, naye akasema yeye anahesabu tu.

Wamekubaliana wote kushona mpaka jioni ili oda iwahi. Kazi yangu ya kwanza, kuanzia Jumatatu, ni kufumua mito ili kitambaa kirudi kwenye aproni. Redio ameahidi kunipa maelekezo.

Jumapili, 15 Juni

Nimelala, nimeamka, nimetafakari kwa kina. Kosa nimeliona. Wanachama walikuwa wengi mno.

Mchana nimewakusanya mke wangu na mama mkwe sebuleni, nikawatangazia kuanzishwa kwa Ushirika wa Mito. Watu waliipenda mito ile, hilo hata maadui zangu hawalikani. Mama mkwe ataleta cherehani na ufundi. Mke wangu ataleta kitambaa. Mimi nitaleta uongozi. Nikajitangaza mwenyekiti ili tusipoteze muda. Mke wangu akainamisha kichwa, mabega yanamtikisika, nadhani ni furaha. Mama mkwe akauliza na wao watapiga kura lini.

Ushirika hauna hata saa moja, tayari una wachochezi! Nimeufunga mkutano.