Malalamiko Dhidi ya Kaka Osea, Aliyesema Kweli Kuhusu Chumba cha Kijani

Jairo Z. Nzunda,
Iyula, Mbozi.
17 Novemba.

Kwa Ndugu Osea Z. Nzunda,
Duka la Matairi, nyuma ya maegesho ya malori,
Nakonde.

Ndugu Mlalamikiwa, ambaye pia ni kaka yangu wa tumbo moja,

YAH: KUSEMA KWELI BILA KUFUATA UTARATIBU

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima. Huku sote tu wazima, isipokuwa Mama, ambaye ni mzima ila amehama. Nitafika huko.

Nakuandikia kwa heshima yote ya mdogo kwa mkubwa, ingawa hatujasemezana tangu mazishi ya Baba, na hata siku ile uliniambia neno moja tu, nalo lilikuwa "sogea". Sina nia ya ugomvi. Umeniletea madhara ya jina, na mtu akidhurika ana haki ya kumwandikia aliyemdhuru.

Kwa ajili ya kumbukumbu, nieleze tulikotoka. Mwaka 2003 mimi na wewe tulikuwa na kibanda cha gemu pale Tunduma, televisheni mbili na ile kanda iliyoandikwa kwamba ina michezo elfu moja, kumbe ni sita tu iliyorudiwa-rudiwa kwa majina tofauti. Mmojawapo ulikuwa ule wa Kibwana, kale kajamaa kenye kikapu kichwani kanakoruka mashimo na kukanyaga konokono. Siku moja ukatoka mbio ukasema Kibwana amepenya ukutani. Ulidai kwamba kwenye steji ya nne, ukimkanyaga konokono wa mwisho wakati uleule saa ya mchezo inapogota sifuri, Kibwana hafi. Anazama ukutani na kutokea kwenye chumba chenye anga la kijani, na humo amesimama mama asiye na uso, ameshika jembe, na nyuma yake ipo milango tisa. Kisha televisheni ikaganda. Ulijaribu tena wiki nzima, hakikutokea. Mtaa mzima ulikucheka, na wewe badala ya kucheka nao ukanuna.

Mwaka uliofuata Baba akaugua, akataka kuchagua atakayeshika shamba la kahawa. Lilikuwa lako, wewe ndiye mkubwa. Lakini baba yetu Mzee Zebedayo unamjua, alikuwa mzee wa kanisa asiyevumilia uongo hata wa kuchekesha. Akakuuliza mbele ya ukoo kama bado unashikilia habari za chumba cha kijani. Ukasema unashikilia. Akaniuliza mimi, kwa kuwa siku ile nilikuwepo kibandani, nami nikasema sikuona kitu. Akasema anayeng'ang'ania uongo wa mchezo ataongopa hata kwenye mizani ya kahawa. Shamba akanikabidhi mimi, na wewe ukavuka mpaka ukahamia Nakonde.

Sasa mwezi uliopita binti yangu Nesta, anayesomea mambo ya kompyuta Mbeya, aliupata ule mchezo akaupasua tumbo kama fundi anavyopasua redio. Anasema waliotengeneza michezo ya zamani walikuwa wakiacha vitu vingi ndani: maadui waliochorwa wakakosa pa kuwekwa, nyimbo zisizopigwa, hata steji nzima isiyo na njia ya kuiingia, maana kufuta kungeweza kuharibu vingine, basi wakaona waache tu. Na kosa dogo la hesabu lingeweza kumtupa mchezaji humo mara moja kwa bahati. Akatuonyesha picha mezani tukiwa tunakula. Anga la kijani. Mama asiye na uso, na jembe lake. Milango niliihesabu mwenyewe, ni tisa.

Kutokana na hayo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Ulisema kweli bila ushahidi. Mtu makini akiona jambo kama lile hunyamaza, au huita watu wawili kwanza ndipo aone. Wewe uliona peke yako, halafu ukataka sisi wengine tubebe mzigo wa kuamini.

2. Baba alikupa nafasi tatu za kusema ulikuwa unatania. Nilizihesabu. Neno moja tu, "nilitania", na leo ungekuwa unapunguza matawi ya mibuni yako. Ni kiburi chako cha kutotaka kudanganya ndicho kilichonifanya mimi kuwa mrithi. Sikuomba. Miaka ishirini na moja napambana na kutu ya majani, nafukuzana na wezi wa buni, nakaa kwenye mikutano ya ushirika inayoanza saa tatu na kumalizika bila kuanza. Mgongo wangu umeharibika kwa kazi iliyokuwa ya mgongo wako, na hujawahi hata kuniuliza hali.

3. Watengenezaji wa mchezo. Kwetu mtu akijenga chumba akakosa cha kukifanyia, anafuga kuku humo. Wao wamejenga, wamechora na mtu, wamempa na jembe, halafu wameziba mlango na kwenda zao. Ningewaandikia, ila maandishi ya kwenye kanda ni ya Kichina, na Nesta anasema hata hao Wachina waliunakili kwa wengine. Kwa kuwa wewe ndiye mgeni pekee aliyewahi kupokelewa katika chumba hicho, malalamiko dhidi yao yanakuangukia wewe.

4. Hili ni zito. Ushahidi wangu wa siku ile ndio ulionijengea jina. Watu walisema huyu kijana amemkana hata kaka yake kwa ajili ya kweli. Nikawa mzee wa kanisa nikiwa na miaka thelathini na mbili. Wakigombea mipaka mpaka Hasamba huko wananifuata. Nikisema jiwe lilikuwa hapa, basi lilikuwa hapa. Ezron alihamisha banda zima la ng'ombe kwa neno langu. Recho aliolewa kwa neno langu, kwani nilithibitisha kwamba mchumba hana mke mwingine. Sasa, ikijulikana kwamba siku ile sikuona sawasawa, banda itabidi lirudi, mashamba yapimwe upya, na Recho mwenye watoto wanne akae chini tumfikirie tena. Kaka, nusu ya Iyula imesimama juu ya chumba hicho kutokuwepo.

5. Mama. Alipoiona picha hakuitazama mara mbili. Aliuliza, kwa hiyo mwanangu yuko wapi. Nikamjibu mwanao si mimi hapa, akasema anajua. Kesho yake alibeba godoro, sufuria na Biblia, akahamia kwenye nyumba yako, ile uliyoiacha imefika kwenye lenta, haina paa. Nimefunga turubai juu, upepo unalinyanyua. Ana miaka themanini na moja na mvua za Mbozi unazijua. Anasema hatoki humo mpaka mwenye nyumba aje, na kila asubuhi namkuta anafagia sakafu ambayo ni udongo mtupu. Nikimpelekea chai anaipokea, lakini anasema asante kama mgeni. Hilo limeniumiza kuliko yote yaliyotangulia.

Baada ya kutafakari na kuomba, nimeona njia moja ya kumaliza jambo hili kwa amani. Nimeambatisha karatasi fupi inayosema kwamba mwaka 2003 ulidanganya. Naomba uisaini. Najua hukudanganya, na ndiyo sababu nakuomba wewe: kwa kuwa sasa imethibitika kwamba wewe ni mkweli, kila mtu ataliamini neno lako ukisema ulikuwa mwongo. Picha ya Nesta tutasema ni mambo ya kompyuta. Mama atarudi kwangu, Recho atabaki na mume wake, na wewe utakuwa huru kuja nyumbani kama mtu aliyetubu, tutakuchinjia hata mbuzi. Nimemwomba Nesta aifute ile picha, amekataa. Ukaidi huo kautoa kwako.

Nisalimie shemeji Atuganile, na watoto, ambao naona aibu kwamba siyajui majina yao. Wasalimie pia majirani; nasikia siku hizi unawaamkia watu kwa "Mulishani" ya huko ng'ambo hata wakiwa Wanyiha wenzako. Mchungaji anakusalimu. Ezron anakusalimu, hajui lolote kuhusu banda. Mama angekusalimu, ila hajui kama nakuandikia.

Mdogo wako mwenye masikitiko,
Jairo Z. Nzunda
Mzee wa Kanisa

Kiambatisho: karatasi moja ya kusaini.

N.B. Hayo ya juu niliyaandika juzi. Haya nayaandika Tunduma, kwenye benchi la mama ntilie, kabla sijavuka. Ile karatasi usiisaini, ichane.

Kaka, siku ile nilikuwa nimesimama nyuma yako. Nilikiona chumba. Nilimwona yule mama na jembe lake, nikaanza kuhesabu milango, nikafika mitano, televisheni ikaganda. Ulipogeuka kutafuta wa kumwonyesha, mimi nilikuwa nimeshatoka nje, nimeinama najifanya nafunga kamba za viatu. Sikuwaza shamba, shamba lilikuja baadaye. Niliona wivu tu, kwamba hata kitu kisicho na faida kama kile kimekufungukia wewe kwanza, kama kila kitu kilivyokuwa. Halafu Baba akaniuliza mbele za watu, na nilikuwa nimeshawaambia vijana wa mtaani kwamba sikuona. Nafasi zile tatu hazikuwa zako, Osea. Kila alipokuuliza wewe alikuwa ananitazama mimi.

Leo alfajiri nimemwambia Mama. Hakulia wala hakunigombeza. Ameweka ufagio chini, akaniambia barua ya namna hii hatumwi mtu, anaipeleka aliyeiandika.

Kwa hiyo nitaiacha mwenyewe hapo dukani, na wewe utakuwa umeinama kwenye matairi yako. Nitakuwa ng'ambo ya barabara, kwa wauza ndoo, nimevaa lile koti la Baba la kahawia. Usipotoka leo nitakuja tena kesho, na kesho kutwa, maana Mama amesema nisirudi Iyula peke yangu.