Malalamiko Dhidi ya Unga Ulionipa Nguvu

Mugunga, tarehe 12 Machi 2026,
mwaka wa kumi na tisa tangu vita vinitoe kwetu Vitshumbi

Kwa Daktari Joviale, msimamizi wa utafiti wa unga, Goma

Daktari mheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa na afya njema, na hilo ndilo shtaka langu.

Mwezi wa tisa mlikuja kwetu mkatueleza, kwa uvumilivu mkubwa, kwamba mahindi na mtama vina madini ya chuma na zinki, ila vimefungwa ndani ya punje na tumbo la mtu haliwezi kuvifungua. Mkasema mmepata bakteria wanaotoa kimeng'enya cha kuvifungua. Mimi nikapewa mfuko wa unga wenye uzi wa buluu. Mke wangu, Cibalonza, akapewa wenye uzi mweupe. Sasa tumeambiwa kwamba kimeng'enya kilikuwa kwenye ule wa buluu tu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Zamani nikitoka kuchota maji na fimbo yangu nilipumzika mara tano njiani, kila mara kwenye jiwe mbele ya nyumba ya mtu ninayemfahamu. Siku hizi napanda na bidon ya lita ishirini bila kuketi. Mama Nyiransengimana, mwenye jiwe la tatu, hakuniona siku nne, akaja kumpa mke wangu pole ya msiba. Alileta maharage. Tuliyala, kisha tukamweleza.

2. Juzi muuguzi wenu, Mademoiselle Gisèle, alituchoma vidole, akayasoma matokeo kwa sauti. Mimi: damu kumi na nne, kilo sita zimeongezeka. Cibalonza: damu tisa, kilo mbili zimepungua. Kwenye foleni alikuwamo Papa Adalbert, mkuu wa avenue yetu hapa kambini, anayeandika orodha ya wanaorudishwa makwao. Akapiga kelele: "Muzee, kumbe ulikuwa unatudanganya na hiyo fimbo! Katorze! Hata miye sina! Panda lori ya Jumatatu."

3. Wenye nguvu wanatangulia kwenda kulima huko makwao. Wadhaifu, akiwemo mke wangu, watafuata baadaye. Nimeishi ndani ya neno "baadaye" tangu mwaka 2007, na urefu wake naujua.

4. Tumeoana miaka hamsini na mmoja. Padri aliyetufungisha ndoa kule Bukavu alituonya juu ya pombe, wivu na mashemeji. Bakteria hakuwataja. Leo kiumbe kisichoonekana kwa macho kinafaulu pale waliposhindwa mashemeji wanane.

Naomba basi mtengeneze kimeng'enya cha kufunga, niwarudishie chuma chenu na nipate tena udhaifu wangu wa Septemba, kabla ya Jumatatu. Kama sayansi haijafika huko, nipeni cheti chenye muhuri kwamba nguvu hizi ni mali ya utafiti na haziruhusiwi kusafirishwa. Hilo nalo likishindikana, waandikisheni bakteria wenyewe waende kulima. Wana nguvu kuliko mimi, hawahitaji kiti kwenye lori, na hawaachi mke nyuma.

Msalimie Mademoiselle Gisèle na sindano yake, dereva wenu Ushindi, na bakteria wote kwa hesabu yao. Najua hawakunikosea kwa kusudi.

Wako mwenye nguvu asizoziomba,

Mulumeoderhwa

N.B. Nimemsomea Cibalonza barua hii. Amecheka mpaka akakohoa, kisha akanikumbusha jambo ambalo hamkutuuliza: tuna sufuria moja. Tangu siku ya kwanza alichanganya mifuko yote miwili, tukala bugali mmoja kwenye sahani moja. Kimeng'enya tulikula wote wawili. Nilipomuuliza basi kilo zangu sita zimetoka wapi, alichukua sahani akaanza kuiosha. Ndipo nikakumbuka kwamba kila jioni yeye husema ameshiba kabla yangu, na mimi humalizia.

Futeni malalamiko yote manne. Unga wenu hauna kosa. Leo nimenunua sahani ya pili, na atakayeshiba kweli mwanzo ni yeye.

Mwambieni Papa Adalbert afute na jina langu. Sitarudi Vitshumbi.