Kilimia Juu ya Banda la Kuku

Jumamosi, 10 Januari

Mh!

Ndiyo sauti niliyorudi nayo nyumbani. Si neno, si kikohozi. Mguno. Umetoka puani kwa Profesa alasiri hii, kwenye kikao cha chama chetu cha watazama nyota. Nimekula, nimeoga, nimejifunika shuka gubigubi, na bado unanigunia sikioni.

Nieleze vizuri, maana nataka kuwa mtu wa haki. Profesa si profesa. Ni fundi miwani. Tulimpa jina hilo kwa sababu ukimuuliza saa anaanza na mzunguko wa dunia. Chama kina darubini moja na sheria moja: atakayetuonyesha mahali pazuri zaidi pa kutazamia nyota ndiye atakayekaa na darubini nyumbani kwake, mpaka mwingine atuonyeshe pazuri zaidi. Imekaa kwa Profesa miaka mitatu. Kila safari anatupeleka kwenye shamba lilelile la shemeji yake, jirani na kituo cha mafuta, na sisi tunapiga makofi.

Leo Mwalimu, mwenyekiti wetu, mstaafu wa jiografia, aliuliza kwa mazoea tu kama kuna mwenye pendekezo jingine la Jumamosi ijayo. Nikasikia mtu anasema anapajua mahali penye giza zuri mno, tena karibu na mji. Mtu huyo alikuwa mimi.

Sipajui mahali popote.

Profesa akageuka, akanitazama kuanzia viatuni, akaguna.

Ninaitaka ile darubini. Nimeisoma sayari ya Mshtarii tangu kidato cha pili, naijua miezi yake minne mikubwa kwa majina, na sijawahi kuitazama kwa raha hata mara moja, maana Profesa husimama nyuma yako akikohoa ili umpishe mwenzako. Nataka kuitazama mpaka nichoke mwenyewe. Basi. Ndilo ombi langu lote duniani.

Jumapili, 11 Januari

Nimechagua kipimo cha giza. Kilimia, kile kishada cha nyota ndogondogo. Mjini unaona ukungu tu. Penye giza la kweli unaona saba. Nikipata saba, nimepata mahali.

Mpango wa kwanza: paa la nyumba yetu. Taa ya barabarani imekaa usawa wa paa, lakini mimi ni msomi. Nilichukua pazia zito la sebuleni, nikajifunika kichwa na mabega, nikaacha tundu la kutazamia juu. Kilimia: ukungu. Kisha tundu likahama. Kisha jirani akaanza kupiga kelele kwamba kuna mtu kajivika pazia anachungulia bafuni kwake. Nilimweleza kwa upole kwamba bafu lake halina mvuto wowote wa kisayansi. Akakasirika zaidi. Watu hawa!

Mama ni fundi cherehani, amepata oda ya majoho ya mahafali ya chuo, sebule imejaa majora ya kitambaa cheusi hata pa kukaa hakuna. Alinyoosha mkono tu, kudai pazia lake.

Jumatatu, 12 Januari

Mpango wa pili: uwanja wa shule ya msingi, nyuma ya kazini. Tatizo: taa ya ukutani ni ya kisasa, inawaka mtu akitikisika. Suluhisho: nisitikisike.

Nililala chali kwenye nyasi kama maiti. Taa ikazima. Giza! Moja, mbili, tatu, nne... Mbu akatua puani. Nilimvumilia. Nilijikumbusha kwamba wanasayansi wakubwa waliteseka kuliko hivi. Akauma. Nikampiga. Taa ikawaka uwanja mzima, mlinzi akatoka kibandani mbio na rungu lake, akaniuliza dada nimeanguka au nimeachwa.

Nne, lakini! Kutoka ukungu hadi nne kwa siku moja. Kwa mwendo huu saba naifikia kabla ya Alhamisi.

Jumanne, 13 Januari

NIMEPATA!

Kazi yangu ni kupima maji. Nazunguka na gari la ofisi, nachukua sampuli kwenye matangi, narudi maabara. Tangi la mwisho leo lilikuwa lile la kilimani, nje kidogo ya mji, na papo hapo tairi likapata pancha. Dereva wetu tunamwita Chapchap. Ndiye mtu wa taratibu kuliko wote niliowahi kukutana nao. Mpaka amalize kufunga tairi la spea, jua limezama na giza limeingia.

Na giza lenyewe! Mji uko nyuma ya kilima, mbele ni bonde, na bonde lote jeusi tii. Duka la chini ya kilima limewasha mshumaa. Mashine ya kusaga kimya. Watu wamekaa vibarazani wanazungumza polepole, hata redio hakuna. Kuna jengo refu la bati bondeni, ghala nadhani, nalo halina taa hata moja. Nikasema moyoni, hawa ndio waliojaliwa hekima. Hawana tamaa ya taa. Chapchap yeye alikuwa akinung'unika kwamba hana pa kuchaji simu. Mtu wa hivyo utamwonyesha uzuri gani?

Kilimia: SABA. Labda nane. Machozi yalinivurugia hesabu.

Nikatuma ujumbe kwa chama kizima nikiwa bado nimesimama. Mwalimu alijibu kwamba amefurahi sana, tutakutana tangini Jumamosi magharibi. Profesa alijibu kwa picha ya kidole gumba. Nimekikuza kwenye skrini. Kina kiburi.

Alhamisi, 15 Januari

Sijui nianzie wapi.

Nilimbembeleza Chapchap tupitie tena kilimani baada ya kazi, nikachague pa kusimika darubini. Jua likazama. Nikakaa tayari kwa saba zangu. Tap! Ghala likawaka. Lote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, mwanga ukinijia usoni kana kwamba mimi ndiye bibi harusi. Duka likawaka. Mashine ya kusaga ikaanza kunguruma. Kila kibaraza na redio yake.

Chapchap akasema, taratibu kama kawaida, kwamba Jumanne si umeme ulikuwa umekatika upande huu wote. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alidhani nimeona, kwa vile nimesoma.

Duka na vibaraza ningeweza kuvisamehe. Lile ghala, hapana. Nikateremka mbio. Kumbe si ghala. Ni banda la kuku wa mayai, na mwenyewe ni mama mmoja wa buti za mpira ambaye bonde zima linamwita Mama Kuku. Nilimwamkia, nikamweleza habari za sayari na galaksi kwa kirefu, mwisho nikamwomba azime taa Jumamosi kwa ajili ya sayansi. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema kuku wake wakipungukiwa mwanga hawatagi vizuri. Akaniuliza, nitakuja kutaga mimi?

Nikapanda kilima kurudi garini. (Njiani nimepata majibu matatu, yote makali.)

Ijumaa, 16 Januari

Ningeweza kumwambia Mwalimu ukweli. Wazo hilo lilinijia alfajiri. Likapita.

Nimefikiri hivi. Kuku wanataka mwanga ndani. Mimi nataka giza nje. Ugomvi uko wapi? Lile banda lina ukuta mfupi, na juu yake ni wavu mtupu mpaka kwenye bati. Kinachohitajika ni kitambaa. Cheusi. Kingi.

Nikainua macho. Nilikuwa nimekaa sebuleni.

Mama alikuwa amekwenda chuoni kupeleka majoho ya kwanza. Sikuiba. Niliazima bila kumsumbua. Chapchap alinisaidia kupakia, akaniuliza kama mama anajua. Nikamjibu kwamba mama anathamini elimu, la sivyo asingeshona majoho. Akafikiri jambo hilo mpaka tukafika.

Mama Kuku alicheka hadi akashika ukuta, lakini alikubali tufunike upande wa kilimani kwa jioni moja ya kesho, kwa sharti kwamba kuku wasishtuke, maana kuku wa mayai akishtuka ndiyo basi tena. Nilimpa neno langu. Kuku hawatajua kitu.

Ee darubini yangu! Nimekwisha kupangusa meza ya dirishani.

Jumapili, 18 Januari

Jana sikuandika. Nilikuwa nanuka.

Magharibi wote walikuwa wamefika, Profesa amebeba darubini kifuani kama mtoto mchanga. Kitambaa kimefungwa barabara. Bonde karibu lote jeusi. Profesa akatafuta cha kukosoa: akasema umande, akasema mteremko, akasema tangi linaziba kusini. Mwalimu hakumsikiliza. Alikuwa ameinua uso, anahesabu Kilimia kwa sauti. Moja, mbili, tatu, nne, tano...

Upepo.

Kitambaa kikavimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu, kikaachia kamba, kikapiga wavu: pwaa! Mwanga ukafyatuka, ukazimika, ukafyatuka tena. Kuku wote wakapiga ukelele kwa pamoja, kama uwanja wa mpira goli limekataliwa. Nilitimua mbio kuteremka nikamate ncha ya kitambaa. Nikaikosa. Nikaikanyaga. Nikaanguka nayo kwenye rundo la mbolea ya kuku, mbichi, na jora zima likanifuata juu. Niseme kitu kimoja kwa ajili ya kumbukumbu: chini ya kitambaa kile, ndani ya mbolea, kulikuwa na giza bora kuliko yote niliyoyapima wiki hii.

Nilipojikwamua, Mama Kuku alikuwa ameshapanda kilimani, buti zikilia, anauliza mkubwa wa kundi hili ni nani. Mwalimu amekaa na watoto wa watu maisha yake yote, anaijua hasira. Alimpisha tu kwenye darubini, akamwomba atazame kwanza, atugombeze baadaye.

Mama Kuku akainama. Akauliza vile vidoti vinne ni nini. Mwalimu akamwambia ni miezi ya Mshtarii. Akauliza kama jana pia vilikuwepo hapo juu, juu ya banda lake. Mwalimu akasema vilikuwepo. Mama Kuku akasema basi yeye ndiye wa kwanza kuamka bondeni na wa mwisho kulala, na huko juu hajawahi kuona kitu zaidi ya mwanga wa taa zake mwenyewe.

Hakutugombeza. Aliteremka. Tukasikia: tap!

Giza. Kuku wakanyamaza mmoja mmoja, wa mwisho akilalamika peke yake. Kilimia saba, kisha nane, kisha nikaacha kuhesabu, maana anga lilikuwa limejaa hadi pembeni, na zile nyota zote zilikuwa zinafanya kazi yao siku zote bila kuomba ruhusa kwa mtu. Halafu, karibu yangu (si karibu sana, kwa sababu nilizozieleza), nikamsikia Profesa: mh. Lakini si ule. Huu ulishuka kifuani. Ni mguno wa mtu aliyesahau kwamba ana wenzake. Nilikaribia kumsamehe.

Kisha kura. Nikanyoosha mgongo. Mwalimu akakumbusha sheria, akauliza mahali hapa tumeonyeshwa na nani. Profesa, mtu ambaye nilikaribia kumsamehe, akasema kwa sauti laini kwamba banda ni la mama, taa ni za mama, na giza ni la mama. Makofi! Mama Kuku, aliyekuwa amepanda tena kutazama, akaingizwa uanachama palepale, akateremka na darubini kwapani kama jogoo aliyemnunua sokoni.

Lakini alisimama njiani, akageuka, akaniambia mwanangu, njoo Jumapili yoyote magharibi kabla sijawasha taa, utatazama mpaka uchoke. Akaongeza nije na mikono, kuna mayai ya kuokota.

Leo nimefua tangu asubuhi. Mama alinusa jora la kwanza, akasema mwaka huu chuo kitatoa wahitimu wanaonukia banda. Nikangoja mengine. Akaniuliza kama angalau hizo saba nimeziona. Nikasema nimeziona. Akasema haya, suuza tena.

Jumanne, 20 Januari

Nimetafakari kosa langu kwa kina na uaminifu. Nilipaswa kuweka vizito kwenye pindo la kitambaa. Hilo tu. Mengine yote yalikuwa sahihi.

Mwalimu ametangaza safari nyingine mwezi ujao. Sheria ni ileile.

Na leo jioni, Chapchap akiwa bado anatafuta funguo za gari kwenye mfuko uleule alimozitia, nimesimama kwenye tangi la upande wa machimbo ya mawe na nimeona giza ambalo sikulitegemea katika umri huu. Si banda, si ghala. Duka limewasha mshumaa. Kinyozi amekaa nje ya kibanda chake, mashine mkononi, anapiga soga na mteja aliyenyolewa nusu ya kichwa, na wote wawili wanangoja kitu bila haraka yoyote. Sijaona watu watulivu namna ile. Kilimia: saba, wazi kabisa, bila machozi.

Chapchap alifungua mdomo kutaka kuniambia jambo. Lakini yeye huchukua muda kuanza, na mimi nilikuwa nimeshatuma ujumbe kwa chama kizima.