Mume Wangu, Mvua Zenu na Mapaa ya Mji Mzima

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Likizo na Burudani.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mkavu. Sisi huku tumelowa, ila kwa upande wa mapenzi tuko salama salmini, na hilo naliweka mbele kabisa usije ukadhani unaandikiwa na mtu mwenye kinyongo. Mimi ni bibi harusi wa Jumamosi iliyopita. Mpaka leo nikisikia mtu anaita "mke wa fundi" nageuka kutazama ni nani huyo mwenye bahati, kisha nakumbuka ni mimi, nacheka peke yangu barabarani.

Mume wangu ni fundi wa kuezeka mapaa. Ana mikono inayoweza kushikilia bati kwenye upepo mkali, na mikono hiyo hiyo hunifunga kifungo cha mgongoni bila kunifinya. Ningeweza kuendelea hivi hadi ukurasa wa nne, lakini najua una kazi nyingi, hasa ya kuwapangia watu likizo zao.

Nianze na chanzo. Shangazi yangu, ambaye sijawahi kumsikia akimsifu mwanamume aliye hai, aliniambia kabla ya harusi kwamba huyo fundi atanioa mimi pamoja na mapaa ya mji mzima, na kwamba mvua ikianza tu nitabaki na kandambili zake. Nilimjibu kwa adabu kwamba shangazi, utaona. Mume wangu alipopata habari hiyo akazima simu yake mbele ya shangazi, akaapa kwamba fungate nzima hatatazama juu. Dari asilione, bati asilione. Atanitazama mimi. Tukaja mji huu ambao hakuna anayemjua, na mvua ikapanda basi pamoja nasi.

Jumapili asubuhi nikalikuta gazeti lako mapokezi, kwenye nyumba ya wageni tulikofikia. Ukurasa mzima ulikuwa umeandika, kwa herufi kubwa za kutia moyo: "Likizo Mjini Msimu wa Mvua: Usikae Ndani, Kuna Mengi ya Kufanya." Ndugu Mhariri, tulikuwa ndani. Tulikuwa tumefurahi ndani. Ila wewe ulisema tusikae, nami nimesoma mpaka kidato cha nne na nimefundishwa kuheshimu maandishi. Tukatoka. Haya ndiyo yaliyotupata, na naomba uyasome ukiwa umekaa.

1. Chini ya makala yako kulikuwa na utabiri wa hali ya hewa uliosema "mvua za hapa na pale". Nampongeza mtabiri wenu kwa usahihi wake. Tulipokuwa hapa, ilinyesha hapa. Tulipokwenda pale, tukaikuta pale, imeshafika na imekaa kama mwenyeji. Kama kuna mahali pa tatu ambapo si hapa wala pale, gazeti makini lingepataja.

2. Mlitushauri twende makumbusho, mahali ambapo mgeni "atasahau kabisa kwamba nje kunanyesha". Katika chumba cha vyungu vya kale, katikati ya vyungu viwili vikubwa, palikuwa na ndoo ya buluu. Kibao cha maelezo kilisema chombo hicho kilitumiwa kuhifadhia nafaka na watu walioishi kabla yetu kwa mamia ya miaka. Nikasimama mbele yake kwa heshima, nikamwambia mume wangu jinsi rangi ilivyodumu. Mlinzi akaja pole pole na kuniarifu kwamba dada, hiyo ndoo ni ya jana, kibao ni cha chungu cha kushoto. Papo hapo tone likaanguka ndani yake.

Nilimtazama mume wangu. Shingo yake ilikuwa inapigana na kiapo chake, Ndugu Mhariri, na kiapo kilishinda: hakutazama juu. Alinikazia macho mimi, macho mazuri yale, huku akimuuliza mlinzi kama bati la upande ule lilipigiliwa misumari kwenye mabonde ya mikunjo badala ya migongoni, maana tone la tundu la msumari analijua kwa mlio. Mlinzi akasema hajui, lakini ngazi ipo. Mimi nilibaki na vyungu mpaka jioni. Vyote navifahamu sasa. Kimoja kina sikio limevunjika na nadhani tunaelewana.

3. Mlitushauri twende sinema. Nikajipa moyo kwamba gizani hakuna dari. Picha ilikuwa ya mapenzi, na pale kijana alipopiga goti tu kumwambia yule binti kilichomleta, mzee aliyekaa mbele yetu akafungua mwavuli. Alikuwa anadondokewa. Safu tatu nzima hatukuona jibu la binti, tuliona mwavuli. Watu wakaanza kulalamika, meneja akaingia na tochi, akauliza kama humu ndani hakuna fundi.

Sasa wewe unalijua neno hilo. Hakusema fundi gani. Fundi wa redio angeweza kunyamaza, na fundi cherehani angeweza kunyamaza. Wa kwangu naye alinyamaza, namshuhudia, na kiganja chake kikaanza kutoa jasho ndani ya changu. Kisha akaninong'oneza, "Naja sasa hivi, paa langu," akaondoka. Aliporudi, ukumbi ulimpigia makofi kuliko yule kijana wa kwenye picha. Nilijivunia, sikatai. Ila mpaka leo sijui binti alijibu nini.

4. Hapo nimegusa jambo linalohusu taaluma yako, kwa hiyo nalipa namba yake. Mume wangu huniita "paa langu". Tangu tuchumbiane ni "paa langu, umekula?" na "paa langu, umelala?" Najua anakusudia yule mnyama mwenye shingo ndefu na macho ya upole, na sifa hiyo naipokea kwa mikono miwili. Lakini mnyama ni "paa wangu". "Paa langu" ni la nyumba. Nimemsahihisha kwa upendo mara kadhaa, yeye anacheka tu na kurudia vile vile. Gazeti lenu lina safu ya lugha. Naomba suala hili litolewe uamuzi humo, kwa maandishi, ili nimwonyeshe.

5. Mlitushauri tuketi mkahawani, tuagize kinywaji cha moto, "mtazamane machoni huku mvua ikiimba nje". Maneno mazuri. Niliyasoma kwa sauti tukiwa tumeshakaa. Tukatazamana. Ghafla yeye akashusha macho kwenye kikombe changu, akatulia hivyo muda mrefu, nami nikadhani anatafuta maneno ya kuniambia. Kumbe chai yangu ilikuwa imetulia kama kioo, na ndani yake lilionekana dari la mkahawa na ufa wake wote. Aliapa kutotazama juu. Hakuapa kutotazama chai. Mwenye mkahawa alimshukuru sana, akamsogezea meza apandie, meza yenyewe ikiwa ile yetu. Chai nilimalizia nimesimama.

6. Usiku ule ule nikafikiri kwa kutumia elimu yangu. Tatizo si mvua. Mvua ni maji tu. Tatizo ni mapaa: pasipo na paa hapawezi kuvuja. Mbona hamkulifikiria hilo ninyi wenye ofisi? Kesho yake nikamchukua mume wangu hadi bustani ya mji, penye mabenchi na anga tupu, tukakaa peke yetu kabisa, maana watu wengine walikuwa wamebaki makwao. Nilikuwa nimeazima mwavuli kwa mama mwenye nyumba ya wageni. Ndugu Mhariri, mwavuli nao ni paa. Ulikuwa na ujiti mmoja uliolegea. Mume wangu ana waya mfukoni, sijui anaupata wapi, hata kwenye suruali ya harusi niliukuta. Aliutengeneza mwavuli ule kwa ustadi mkubwa, akiwa ameukunja, mimi nikiwa chini ya hapa na pale.

7. Hili la mwisho nimekuwa nikilizunguka kwa sababu si la kuchekesha.

Chumba chetu kinavuja. Tangu siku ya kwanza kuna tundu juu ya kitanda, upande wake yeye, ule wa ukutani. Kitanda ni kikubwa, wangeweza kulala watu wanne bila kugusana, na tone linaangukia pale pale anapopaswa kulala yeye. Siku ya kwanza alisikia tone la kwanza, akanyanyuka, nikajua sasa tumekwisha, anakwenda kutafuta ngazi. Akaenda kuchukua beseni. Akaliweka juu ya kitanda, juu ya upande wake, akasogea kwangu, akalala.

Nilifurahi siku hiyo, nikadhani ni kiapo. Lakini baada ya makumbusho, na sinema, na mkahawa, na mwavuli wa watu, nikamuuliza kwa nini la kwetu haliguswi. Akasema, hilo liache. Nikamuuliza tena jana. Hilo liache. Mtu aliyepanda ngazi kwa ajili ya vyungu, ya mzee asiyemjua na ya dari alilolionea kwenye chai, kwa ajili ya chumba alimolala mkewe hapandi hata stuli. Nalisikiliza lile tone na namsikia shangazi ndani yake, ng'o, ng'o, ng'o. Sijalia. Nalitaja tu ujue kwamba ningeweza.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, kwa heshima zote, ninaomba yafuatayo. Kwanza makala yako isahihishwe, na badala ya "Usikae Ndani" isomeke "Kaeni Ndani, Hakuna la Kufanya, na Hilo Ndilo Zuri". Kama hilo ni gumu, basi mchapishe orodha mpya ya mahali pa kutembelea siku za mvua pasipo na paa, dari, turubai wala mwavuli. Pia mumshinikize mwenye nyumba ya wageni alete fundi mwingine, fundi yeyote, aje azibe tundu la chumba chetu ili mume wangu aone aibu. Mtabiri wenu ajulishwe kwamba fungate yetu ililiwa na hapa na pale, na siku zilizoliwa zirudishwe, zikiwa kavu. Suala la ngeli ya paa nalo nalisubiri. Na baada ya hayo yote, gazeti lenu limwandikie shangazi yangu barua rasmi ya kumwambia kwamba amekosea, kwa sababu mimi kwa sasa sina ushahidi.

Nifikishie salamu kwa wote ofisini: wachapaji, mchora katuni, yule anayepanga mafumbo ya maneno, mhudumu wa chai (mwambie asiache vikombe wazi), na mtabiri wenu popote alipo, hapa au pale. Msalimie na mkeo, kama unaye. Mtazame kidogo leo.

Ni mimi niliyelowa na kupendwa, na ninayesubiri hatua zako,

Mke wa Fundi,
Chumba cha mwisho upande wa kulia,
panapodondoka.

Tanbihi: Barua ilikuwa tayari na stempu nimeshaibandika, ndiyo maana unaipata hivi ilivyo. Nilikwenda mapokezi kuomba gundi ya bahasha, na mama mwenye nyumba ya wageni akaniuliza kama bado tunastahimili lile tundu. Akasema yeye ameshachoka. Siku ile ya kwanza alimletea mume wangu ngazi na bati, na mume wangu akamrudishia vyote, akamsihi asimwite fundi yeyote mpaka tutakapoondoka.

Nikarudi chumbani na barua mkononi, nikamsomea yote, kuanzia salamu. Alicheka kwenye namba ya chai. Kwenye namba saba hakucheka. Alitazama juu, kwa mara ya kwanza chumbani mwetu tangu aape, akalitazama lile tundu kama mtu anayemtazama rafiki yake, akasema, "Nikiliziba hilo, si nitarudi kulala kule ukutani?"

Nikamwambia basi angalau lile suala la lugha liko kwa Mhariri, ataona. Akasema, "Mimi sijawahi kusema mnyama. Nimeezeka mapaa ya watu tangu nikiwa kijana, mama. Wewe ndiye paa langu."

Kwa hiyo naomba msichapishe chochote. Mwenye nyumba ya wageni asisumbuliwe, orodha ibaki kama ilivyo, na safu ya lugha isithubutu kumsahihisha mume wangu. Kama mtabiri ana jua lolote la kutangaza, tafadhali alishikilie mpaka tuondoke. Kwa shangazi msiandike. Nitamwandikia mwenyewe, na itakuwa barua ndefu.

Beseni limejaa. Nakwenda kulimwaga, nilirudishe pale pale.